Chuma cha Mama Kilichokataa Mafuta

Mdogo wangu wa kike alikileta ndani ya mfuko wa plastiki, akakiweka mlangoni pangu Tottenham, hapa London, akasema haingii ndani kwa sababu gari lake limesimama pabaya. Gari lake! Tangu tumzike Mama hatukusemezana ila salamu za Idi za kutumiana kwenye simu, na siku anayokuja ana haraka na gari. "Kichukue, kaka," aliniambia. "Tunahama Southall, sina pa kukiweka." Nilipofungua mfuko nilitaka kulia kwa hasira.

Kilikuwa chuma cha mkate cha Mama. Chuma kizito cha duara, chenye mkono mmoja na ukingo mfupi, ambacho hakupikia kitu kingine ila mkate wa ufuta. Alitoka nacho Unguja baada ya Mapinduzi, baba yetu akiwa ameshachukuliwa na hakurudi, akakitia kwenye begi lililokuwa liwe la nguo zetu. Mimi na mdogo wangu tulifika London na fulana katikati ya baridi, lakini chuma, alhamdulillahi, kilifika salama. Nilimlaumu Mama kwa hilo mpaka nikaota ndevu.

Lakini kila Ramadhani, saa za alasiri, harufu ya ufuta ilikuwa ikishuka ngazi zote za jengo letu, na mimi nikirudi kazini nilikuwa najua kwamba nimefika kwetu. Jikoni sikuingia. Mama alikuwa akinifukuza na mwiko: "Mwanamme jikoni anatafuta nini? Toka!" Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akikaa naye mle ndani, wakicheka, mlango wameurudisha. Mimi nilikuwa naletewa mkate umeshaiva.

Mama alipofariki, mdogo wangu alikichukua chuma kabla hata hitima haijasomwa, bila ya kuniuliza. Ndicho kilichotugombanisha. Wenzetu hugombea nyumba na mashamba, sisi tuligombea kikaango. Nilimwambia maneno, na yeye akanirudishia yake, basi tena. Kumbe baada ya ugomvi wote ule alikwenda kukitupa kwenye kibanda cha bustani, paa linavuja, pamoja na majembe na ndoo. Kilikuwa kutu tupu, mbele na nyuma.

Nikaapa. Nitakitengeneza chuma hiki, nitapika mkate wa Mama kwa mkono wangu, nitamwita mdogo wangu aje kufuturu, na kila tonge litakalomshuka limkumbushe alichokifanya. Na chuma si kitu cha kunitisha mimi. Nimekuwa fundi wa gereji ya mabasi maisha yangu yote hapa London. Injini zilizokuwa zimekwishaandikiwa kifo nilizirudisha barabarani, itakuwa kikaango?

Nilikiloweka kwenye siki na maji, nikakisugua kwa waya mpaka vidole vikachubuka. Kutu ikatoka, chuma kikabaki kijivu, kitupu. Nikakikausha juu ya moto hapo hapo, maana chuma kilichovuliwa namna ile ukikigeuzia mgongo tu kinashika kutu tena. Halafu ikaja kazi yenyewe ya kukipika: unakipaka mafuta, unakitia kwenye oveni kwa moto mkali, mafuta yanaungua na kushikamana na chuma mpaka yanakuwa ngozi nyeusi. Kikipoa unapaka tena, unakirudisha tena. Ngozi ikikamilika, kutu haingii wala chakula hakigandi.

Mara ya kwanza nilipaka mafuta kwa uroho. Kikatoka na madoa yanayonata, king'ora cha moshi kikapiga kelele, na jirani wa juu akanigongea sakafu yake kwa kiatu. Nikakisugua, nikaanza upya. Safari hii nikapaka kidogo, nikayafuta kwa kitambaa kikavu kana kwamba sikutaka kuyapaka, nikakilaza kifudifudi mafuta yasije yakatuama. Afadhali. Lakini upande mmoja ukawa mweusi na mwingine rangi ya kahawia, kwa kuwa oveni hizi za nyumba za kaunsili ya mji zinapika nyuma na kusahau mbele. Nikawa nakigeuza kazi ikifika kati, na ule upande wa kahawia nao ukashika weusi.

Ikabaki pale katikati. Palikuwa na duara pana lililokwaruza, limejaa vishimo vidogo vidogo, ukipapasa unahisi kama unapapasa ulimi wa paka. Pale mafuta hayakukubali. Yalizama vishimoni yakakataa kukauka, au yalikauka halafu yakabanduka kwa ukucha. Nikajaribu mafuta ya alizeti, nikajaribu ya mbegu za kitani niliyoambiwa kuwa hayashindwi na kitu. Wapi! Kote kunang'aa na pale kati pana upara unaonitazama. Nikajua ni kutu ya kibandani imekula chuma, na kila nilipoutazama upara ule nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Binti yangu alipita siku moja akanikuta nimekiinamia na miwani puani. Akaniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, mbona simpigii shangazi yake nikamuuliza. Nimuulize nani? Yule aliyekiozesha? Nilimwambia akae kimya, chai yake inapoa.

Nikaenda kabatini nikatoa mashine yangu ya msasa, ile ya zama za gereji. Nikapasaga pale katikati mpaka vishimo vyote vikaisha. Ilinichukua siku nzima, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, lakini paliponyooka palinyooka. Nikakipika upya, mkono mwepesi, nikikigeuza, na jamani, kilitoka cheusi sawasawa, ukingo hadi ukingo, unajiona uso. Nikakaanga yai. Likateleza lenyewe mpaka kwenye sahani. Nilisimama jikoni nikacheka peke yangu.

Ramadhani ilipoingia, nikampigia. "Njoo ufuturu kwangu. Nitapika mkate wa Mama."

Akacheka, na sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu. "Utapika wewe? Na mwiko wa Mama hukuuogopa?" Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nitakuja, kaka. Wallahi nina hamu." Nilipokata simu nilijikuta sitaki tena kumuaibisha. Nilitaka aje tu, tule, mambo yaishe.

Alikuja kabla ya magharibi, akavua koti, akaja kukaa jikoni kama alivyokuwa akikaa na Mama. Unga nilikuwa nimeshauchanganya na tui, yai na hamira, nao umeumuka vizuri. Akachungulia bakuli. "Mashallah," akasema, na mimi kichwa kikanivimba. Nikakipasha chuma moto, nikamimina, nikatandaza kwa mkono wenye maji, nikanyunyiza ufuta. Chini kukashika rangi. Sasa, mkate wa ufuta haugeuzwi. Kinachogeuzwa ni chuma: unakifudikiza na mkate wake ndani, ufuta unaelekea motoni, nao unaiva ukiwa umening'inia. Hilo nani asiyelijua? Nikakamata mkono wa chuma, nikasema bismillah, nikakifudikiza juu ya gesi.

Mkate ukaanguka motoni wote.

Moshi, ufuta unaruka, king'ora kinalia, mimi naunyakua kwa koleo na yeye anazima gesi. Nikasema nimekosea moto. Nikamimina mwingine. Nao ukaanguka. Hapo mdogo wangu alinyanyuka, akaomba maji na chumvi. "Mama alikuwa akinyunyiza kwanza," alisema. "Maji ya chumvi ndiyo yanayougandisha mkate." Akachovya vidole, akanyunyiza kwa mkono ule ule wa Mama, nusura nigeuze uso. Matone yakakimbilia ukingoni, hata moja halikukaa.

Akazima moto. Kilipopoa akapitisha kidole pale katikati, akarudia, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Hapa palikuwa panakwaruza," alisema. "Umepafanya nini?"

"Nimepasawazisha. Kutu yako ilikuwa imepala."

"Haikuwa kutu, kaka. Ni chumvi. Ni chumvi ya Mama iliyopachimba, tangu Unguja. Pale ndipo mkate ulipokuwa ukishika. Alikuwa akipaka mafuta pembeni tu, pale kati alikuwa hataki hata mtu apaguse."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza?"

Nikapandwa na hasira. "Nikuulize wewe uliyekitupa mvuani? Wewe ndiye uliyekiua!"

Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema hakuwahi kukipikia, kwa sababu kila alipokishika alisikia maneno niliyomwambia siku ile, ndipo akakiweka mbali na macho yake. "Nimekosa, naam," alisema. "Lakini kutu yangu ilitoka, kaka. Umeitoa kwa mikono yako. Ulichokitoa wewe nani atakirudisha?"

Adhana ikalia kwenye simu. Tulifungua kwa tende na maji, na mkate wa kukatwakatwa wa dukani, tena mkavu. Alikula kipande kimoja kwa heshima yangu, akanisaidia kuosha vikombe, akavaa koti. Mlangoni nilitaka kumwambia asiende. Nikamwambia aangalie gari lake lisije likapigwa faini. Hajarudi tena. Idi iliyofuata alinitumia salamu ile ile anayomtumia kila mtu.

Chuma ninacho, kimetundikwa juu ya jiko. Kila anayeingia anakisifu, na binti yangu anasema yai la kwangu halina mfano. Ila kila Ijumaa nikitoka msikitini nakishusha, nakipasha moto, nakinyunyizia maji ya chumvi pale katikati, halafu nasimama natazama matone yanavyokimbia. Nasubiri chumvi ianze kukiharibu. Mama ilimchukua umri mzima, na mimi ni mzee.