Majibu Kwenye Kiganja cha Zuhura

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, haitoki hata nikiisukuma. Nilidhani nitakwenda nayo kaburini, lakini juzi nimewasikia mkirudi kutoka mkutano wa shule hapa Ziwani. Mmoja anasema serikali haileti hela, mwingine anasema hela zinakuja ila walimu hawafundishi, na simu zenu mikononi mkioneshana nani kaandika nini. Sikuingilia. Mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa, na mara nyingi nikianza kusema najikuta nimesema upande mmoja. Ndiyo maana naandika kwenye daftari. Nikikosea, nafuta.

Siku hiyo nilikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Vyama vingi ndiyo kwanza vinaingia kijijini, na kila kibanda kina bendera yake. Shule yetu ilikuwa imeshika mkia katika mtihani wa majaribio wa wilaya, ule unaotangulia mtihani mkubwa wa darasa la saba. Basi ukaitishwa mkutano asubuhi, uwanja wa shule, na watu wakajaa kama siku ya mnada.

Diwani alisimama wa kwanza. "Madarasa tumejenga, chaki tumeleta. Sasa mnataka serikali iwashikie watoto kalamu?"

Issa, fundi baiskeli, yeye alikuwa wa chama cha pili. Hakusubiri kupewa nafasi. "Chaki mmeleta, madawati je? Mheshimiwa, madawati yetu bado yamekaa kwenye hotuba yako!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Diwani hakusema uongo, madarasa mapya yalikuwepo. Na Issa hakusema uongo, watoto walikuwa wanakaa chini humo humo ndani ya madarasa mapya. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukweli, anampigia nacho mwenzake. Mwingine akasema kosa ni unyago, kwamba makungwi ndio wanaowaharibia wasichana masomo. Ikawa vurugu.

Hapo nikasimama mimi, Hamisi. Sijui shetani gani alinishika. Labda sio shetani, labda ni hamu tu ya kusikika. Mwalimu mkuu wetu aliitwa Mwalimu Bakari, mtu wa Tanga, mpole, na ndiye aliyefundisha hesabu darasa la saba. Nikamnyooshea kidole mbele za watu.

"Mkosaji huyu hapa! Kila mwezi anapokea mshahara, watoto wetu wanapokea ziro. Aondoke kabla ya mtihani mkubwa!"

Vigelegele! Diwani akapiga makofi, Issa akapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile wawili hao kukubaliana. Mwalimu Bakari alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwenyekiti wa kijiji akasema twendeni tukaswali adhuhuri, tule, tukirudi alasiri tunyooshe mikono, barua ya kumkataa iende wilayani.

Nilikwenda nyumbani kifua mbele. Nilimkuta Bibi Somoe, mama wa mama yangu, anabangua korosho uani. Huyu bibi alikuwa kungwi, tena kungwi mkubwa, wale wale waliosemwa mkutanoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, moshi wa maganda unamfuata usoni naye hajali. Pembeni yake alikuwepo Zuhura, binti wa dada yangu. Dada alikuwa ameolewa ng'ambo ya Ruvuma, akamwacha mtoto kwetu asome. Na kwa desturi yetu, mwanangu, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Neno hilo lilikuwa langu.

"Nasikia umehutubia," Bibi akasema.

"Wamenipigia makofi, Bibi."

"Hata korosho ikiungua hupiga makofi. Kaa chini."

Nikakaa. Akajifuta mikono, akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kilichokunjwa. Akanipa. "Nisomee, wewe uliyesoma."

Zilikuwa tarakimu, zimepangwa kwa namba, moja mpaka mwisho. "Ni hesabu, Bibi."

"Za nani?"

Nikamtazama Zuhura. Zuhura akainamia korosho zake. Nikaelewa, na kile kifua nilichokuja nacho sijui kilikwenda wapi.

Hapa ndipo nilipofuta mara tatu kabla ya kuandika. Mwanangu, ni mimi niliyemwambia Zuhura akose. Nilimwita kabla ya mtihani wa majaribio nikamwambia: andika majibu ya uongo, anza mapema, ili ukianguka kwenye mtihani mkubwa mwalimu asishtuke. Nilikuwa naogopa akifaulu atapelekwa sekondari ya mbali, kulala huko huko, na mimi mjomba natakiwa kumpeleka na godoro, ndoo, sanduku na sare. Sikuwa navyo. Na kusema sina, nilishindwa. Nilipanga aanguke, halafu nimwombee mchumba, mambo yaishe kimyakimya.

Bibi akamvuta Zuhura mkono, akakifungua kiganja. "Siku ya mtihani wao alikuja hapa kunisaidia. Nikamshika mkono huu nimpake majivu, maana mafuta ya ganda yanababua. Nikakuta wino kiganja chote, umepanda mpaka kwenye kiwiko. Nikamwuliza, mjukuu wangu, nani kakuchora? Akaniambia, ni majibu, Bibi, Mjomba kanikataza kuyaandika kwenye karatasi ya mtihani. Nikamwambia ayahamishe kabla jasho halijayala." Akanikazia macho. "Watoto wa wenzako huandika mkononi ili waibe. Huyu kaandika ili asiibiwe. Na mwizi mwenyewe ni mjomba wake."

"Bibi, tungempeleka na nini? Hata godoro hatuna."

"Ungesema huna! Kukosa godoro ni aibu? Umemziba mtoto mdomo, kisha umekwenda kumshtaki mwalimu kwamba mtoto hasemi. Nimekaa na karatasi hii kwenye pindo wiki zote hizi, nasema huyu ni mtu mzima, atajisuta. Kumbe nafuga debe tupu, nalo leo limepelekwa uwanjani kuvuma."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikiona kikitolewa kwenye nguo ya bibi yangu, na kilikuwa ni mimi.

Zuhura akasema, polepole, macho chini: "Mjomba, Mwalimu Bakari akiondoka, nani atatumalizia hesabu za sehemu?"

Sikulaumiwa naye, mwanangu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Nikamwuliza Bibi nifanye nini. Akarudi kwenye korosho zake. "Jibu unalo mkononi," akasema. Kweli karatasi nilikuwa bado nimeishika.

Alasiri nilirudi uwanjani. Kuna watu hupenda kusema walikwenda kwa ujasiri. Mimi nilipopita njia ya zahanati nilifikiri kuingia nijitie mgonjwa. Sijui kilichonipitisha. Mwenyekiti alikuwa anaanza kusema wanaokubali wanyooshe mikono, nikaomba kusema kwanza.

"Shule haikushika mkia kwa sababu ya Mwalimu peke yake," nikasema. "Mimi nilimwagiza mpwa wangu akose. Majibu yake ya kweli ni haya."

Issa akadakia: "Lahaula! Kumbe mchawi tunakula naye!" Watu wakacheka, na nikaona nimekwisha. Lakini nyuma kule akasimama Mzee Alberto, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma zamani za vita, mkulima wa muhogo asiyesema mikutanoni. Akavua kofia.

"Mimi wangu nilimwambia aache kurasa mbili nyeupe," akasema. "Nilifikiri ni mimi tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja akasema na yeye. Halafu mwingine. Siwezi kusema walikuwa wengi, wala siwezi kusema wangetosha kuitoa shule mkiani. Walimu walikuwa wachache kweli, na sakafu ilikuwa baridi kweli. Lakini tulikuwepo, na asubuhi ile hakuna aliyetutaja.

Mwalimu Bakari alichukua ile karatasi ya saruji, akatoa penseli mfukoni, akaanza kusahihisha pale pale amesimama, watu wote tunamtazama. Alipomaliza akasema, "Amekosa moja." Akarudisha penseli mfukoni. "Na hiyo moja, mimi ndiye niliyewafundisha vibaya. Niliigundua baadaye."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Barua haikwenda.

Nilimfuata kumwomba radhi, nikiwa nimeandaa maneno mengi. Akanikata: "Mlete binti jioni. Na wewe uje, ukae nyuma." Nikaenda, mwanangu, jioni nyingi, kijana mzima kati ya watoto. Hesabu za sehemu nilizielewa hapo. Kiasi.

Diwani hakukiri kitu siku ile, nisimsingizie. Ila madawati yalifika kabla ya mtihani mkubwa. Nani aliyeyafuatilia, yeye au kelele za Issa, mpaka leo sijui, na wote wawili nawashukuru.

Zuhura akafaulu. Kuhusu godoro, niliwaambia watu sina. Na unajua nani waliolileta? Makungwi. Wale walioambiwa wanaharibu shule. Bibi Somoe aliwakusanya, wakaja na vigelegele wakamtunza Zuhura kama wanavyomtunza mwali siku ya kutoka unyagoni: huyu kanga, huyu ndoo, huyu sanduku, na godoro lilikuja kichwani mwa mwanamke niliyekuwa nimemsema vibaya kwa miaka. Nililia, nikasingizia moshi wa korosho. Bibi akasema, "Moshi gani? Leo sijawasha moto."

Zuhura hakuwa mtu mkubwa wa kutajwa redioni. Yuko Rahaleo, mjini, anauza vitenge, amesomesha wanawe. Lakini shule yetu ikiita mkutano huja, hukaa mbele na karatasi yake, na huuliza maswali mawili. La kwanza kwa wakubwa: tuliloahidiwa liko wapi? La pili anageuka nyuma, anatuuliza sisi: na sisi tulioahidi tumetimiza? Swali la kwanza hupigiwa makofi. La pili watu hukuna vichwa.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe uipime, usiichukue kwa kuwa mimi ni mzee. Dai haki ya shule kwa sauti, madawati, walimu, chaki, usiogope cheo cha mtu. Lakini kabla hujanyoosha kidole uwanjani, rudi kwanza nyumbani ukamfungue mtoto kiganja, uone umemfanya aandike nini pale ambapo mwalimu hawezi kusoma. Ukiwa huna, sema huna. Kijiji kinaweza kubeba godoro. Uongo wako kitaubeba vipi kama hakijui upo?

Na ukikosea kama mimi, usikae na kosa lako. Mimi nimeishi vizuri kwa sababu bibi asiyejua kusoma alinitunzia karatasi, na kwa sababu niliyemshtaki aliniambia nikae nyuma badala ya kuniambia nitoke. Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Sikuwashukuru vya kutosha, nawashukuru hapa.

Mungu akujaalie, mwanangu, bibi wa kukufungulia pindo kabla alasiri haijafika. Akupe mwalimu anayekiri hesabu yake moja. Na wanao awajaalie mikono mikavu na karatasi nyeupe, waandike wanachokijua bila kumwogopa mjomba. Amina.