Gitaa la Besi na Gundi ya Sandarusi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyokwenda kwa Bi Somoe kumwomba kitanda. Si cha kulalia. Nilitaka kukikatakata nitengeneze gitaa la besi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, usije ukadhani nilikuwa mwizi wa vitanda. Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, ni miguu tu ilikuwa inawasha. Nikavua samaki kule Sudi miezi michache, nikabangua korosho Lindi, nikakaa kwa shangazi yangu kule Rasbura mpaka akanichoka, halafu nikaenda kuchimba sandarusi kwenye misitu ya Kilwa. Sandarusi ni utomvu wa miti ya zamani uliogandia ardhini. Ukiusafisha unang'aa kama kioo cha rangi ya asali. Kila nilikopita nilijifunza kitu, na kila mahali niliondoka kabla sijakijua sawasawa. Nilipofika kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Somanga, nilikuwa na umri kama wako, mfuko mmoja wa nguo, na majibu ya kila swali.

Watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamia. Nyumba zilipangwa mistari miwili na udongo wa kuta ulikuwa haujakauka. Wamwera, Wamatumbi, Wamachinga, kila nyumba na lugha yake, asubuhi tunakutana shamba la pamoja tukiulizana jembe la nani limepotea. Jioni tulikutana kwenye muziki. Athumani, kijana mwenye gitaa la kweli alilotoka nalo Dar es Salaam, alipiga solo. Mwenzake alipiga rithimu. Ngoma zilitengenezwa na Mzee Lipande, fundi wa ngoma na viti, Mmwera mwembamba ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha kitu. Tulichokosa ni besi. Athumani alisema muziki wetu ulikuwa kama mtu anayetembea bila kukanyaga chini.

Zahanati ya kijiji ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Wageni wangetoka wilayani, na Mwenyekiti wa kijiji alishatangaza kwamba bendi itapiga. Mimi, ambaye sikuwahi kushika hata marimba, nikasimama mbele ya watu nikasema, "Besi nitatengeneza mimi."

Tumbo la gitaa halikunisumbua. Duka la ushirika lilikuwa na masanduku ya chai ya plaiwudi, nyepesi na kavu. Nyuzi nilizipata kwenye waya za breki za baiskeli. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo tumbo nililifanya kubwa, lisikike lenyewe. Shingo ndiyo ilinitoa jasho. Nyuzi za besi zinavuta sana, na ubao mbichi hupinda kama upinde. Na mbao zote kijijini zilikuwa mbichi, zimetoka msituni juzi.

Isipokuwa za kitanda cha Bi Somoe. Kilikuwa cha mninga, kimetengenezwa na marehemu mumewe, kavu kwa miaka ishirini. Siku ya kuhamia, mguu mmoja wa kitanda ulivunjika kwenye lori. Sasa kilikuwa kimeegemezwa ukutani nyuma ya jiko lake, naye hakutaka mtu akiguse.

Nilimwamkia, nikamweleza.

"Marehemu alikilalia miaka yote hiyo hakikupiga kelele," akasema. "Wewe unataka kukipigisha kelele mbele ya wageni wa wilaya."

"Kelele nzuri, bibi."

"Chukua ubao mmoja wa ubavuni. Mmoja tu. Na siku hiyo nitakaa mbele niusikie. Nisipousikia, utanitengenezea kitanda kizima, halafu utakilalia wewe mlangoni kwangu, uwe mlinzi."

Alicheka aliposema hivyo. Lakini alipoukabidhi ule ubao aliupitishia kiganja kuanzia ncha hadi ncha, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Nilielewa kwamba nikiuharibu hakuna mwingine.

Basi likabaki suala la kuunganisha shingo na tumbo. Athumani alitaka tupige misumari. Nilikataa, na hapo nilikuwa sahihi: msumari kwenye gitaa hulia zii-zii kila unapogusa uzi. Ilihitajika gundi. Dukani kulikuwa na chumvi, khanga na mafuta ya taa, gundi hakuna. Nikafurahi, maana hakuna kilichonipendeza kuliko kujaribu vitu.

Nilikata vipande vya mbao, nikaviunganisha viwili viwili, kila jozi na gundi yake. Uji mzito wa unga wa muhogo ulishika vizuri, ila asubuhi nilikuta panya wamekula gundi yote, vipande vimebaki safi kama vimeoshwa. Ulimbo wa kutegea ndege haukukauka kabisa, ukakamata nzi kumi na moja na kola ya shati langu. Lami niliyobandua barabarani ilitiririka jua lilipopanda. Utomvu wa mkorosho ulinidanganya siku mbili, kisha ikanyesha mvua ndogo ukarudi kuwa maji ya sukari.

Mwisho nikakumbuka donge la sandarusi lililokuwa mfukoni mwangu tangu Kilwa. Nikaiyeyusha kwenye kopo, nikabandika vipande viwili. Ilishika pale pale. Nikawaita vijana wawili wenye nguvu, mmoja huku, mmoja kule, wavute. Walivuta mpaka mmoja akakaa chini. Vipande havikuachana. Watu walinipigia makofi, nami nikainama kama mtu aliyetoka jukwaani.

Mzee Lipande alikuwa anapita na ngozi ya mbuzi begani. Akasimama.

"Mmeivuta," akasema. "Umeigonga?"

"Nani atagonga gitaa, mzee? Gitaa linapigwa kwa vidole."

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika.

"Mimi nina gundi ya ngozi, mjukuu wangu. Inataka siku sita. Sherehe ni baada ya siku tisa."

Nilihesabu siku sita kichwani, nikaziona kama mwaka. Nilitaka nisikie sauti ya besi siku ile ile. Nikamshukuru kwa adabu zote, nikaenda kubandika shingo kwa sandarusi. Kufika alasiri nilikuwa napiga. Na lilipiga, mwanangu, sitakudanganya. Kuku walihama uani. Kwa siku nane sikuwa na maneno mengine isipokuwa besi langu.

Siku ya sherehe wageni walikaa chini ya turubai, pilau imepakuliwa, Bi Somoe mstari wa mbele na khanga mpya. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Nilimwona ameinamisha kichwa, anasikiliza. Wimbo wa pili ulikuwa wa kuchangamka, Athumani akanikonyeza, nami nikauvuta ule uzi mnene kwa nguvu zangu zote.

Nikasikia sauti kama kikombe kinachodondoka. Shingo iling'oka, ikavutwa na nyuzi, ikanipiga kwenye paji la uso. Kile kipande kidogo cha mbao kinachonyanyua nyuzi kiliruka hewani, kikazunguka vizuri tu, kikatua kwenye sahani ya Mwenyekiti katikati ya pilau. Wageni wa wilaya walidhani ndiyo mtindo wetu. Walipiga makofi. Mmoja akasema, "Tena."

Kijiji kizima kilikuwa kinalia kwa kicheko, hata Mwenyekiti, hata mimi kidogo. Athumani aliendelea na solo bila aibu. Bi Somoe peke yake hakucheka. Aliinuka, akauokota ubao wake, akaufuta vumbi kwa ile khanga mpya, akauangalia pande zote, akaondoka nao.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa nimefunga mfuko. Hilo nililijua kulifanya. Njia ya Somanga ilipita mbele ya kibanda cha Mzee Lipande, na alikuwa amekaa nje akikuna ngozi kwa kisu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Paji la uso halijambo?"

"Halijambo."

"Na mfuko unakwenda wapi?"

"Somanga. Nitapata lori."

Akavuta kitu kutoka chini ya kigoda chake. Vilikuwa vile vipande viwili nilivyobandika kwa sandarusi, vile vilivyowashinda vijana wawili. Sijui alivipata wapi. Akavishika kwa mkono mmoja, akavigonga kwa mpini wa kisu, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu vikaachana, na unga wa sandarusi ukamwangukia mapajani, unang'aa.

"Kuvuta ni mara moja," akasema. "Besi linatetemeka wimbo mzima. Hii inashika haraka, inapendeza macho, ila haijui kutetemeka." Akapangusa mapaja. "Sudi ulikaa muda gani?"

"Miezi minne."

"Lindi?"

"Kama sita hivi."

"Na huko ulikochimba hii?"

Nilishaona anakokwenda.

"Wewe nawe unashika haraka, mjukuu wangu. Umefika hapa juzi, watu wote wanakupenda. Ukigongwa kidogo, unaachia. Yule mama hana hasira na gitaa. Yuko nyumbani, mlango wazi, anaangalia kama utapita."

Hakuniambia nibaki. Alirudi kwenye ngozi yake. Nilisimama pale na mfuko begani, na nikwambie ukweli, lori nililisikia kwa mbali likinguruma kuelekea Somanga, na miguu ikawasha kama kawaida yake. Ilikuwa safari ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na haikufika hatua mia mbili. Nilikwenda kwa Bi Somoe.

"Hodi."

"Nilijua mtakuja wawili, wewe na aibu yako. Karibuni."

Ubao ulikuwa umelazwa mkekani. Nilikaa chini nikamwomba radhi. Akanisukumia ule ubao.

"Haujapasuka. Marehemu alichagua mbao. Wewe gundi hukuchagua, uliokota iliyokuwa mfukoni."

Niliurudisha mfuko wa nguo nilikoutoa, nikaenda kukaa miguuni pa Mzee Lipande. Tulikwangua sandarusi yote kwenye maungio mpaka mbao zikabaki tupu. Mabaki ya ngozi za ngoma tuliyaloweka siku nzima na usiku wake. Kisha tukayaweka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, tukakaa tukiyachunga. Mzee alikuwa akitumbukiza kidole kila mara. Maji yakizidi moto kidole hakivumilii, na gundi ya ngozi ikichemka imeshakufa. Mara tatu nilitaka kuongeza kuni. Mara tatu alinitazama tu. Tukachuja kwa kitambaa, tukapaka ingali ya uvuguvugu, tukafunga kwa kamba na kuikaza kwa kijiti, tukaiacha. Siku nne sikuruhusiwa hata kuigusa. Nilikwenda shamba, nikarudi, nikaliangalia besi kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Kamba zilipofunguliwa aliniambia nigonge. Niligonga mpaka mkono ukachoka, nikihesabu, nikapitisha mia. Halikutikisika.

Donge la sandarusi lililobaki hakulitupa. Aliliyeyusha kwenye mafuta ya moto tukalipaka nje, juu ya mbao, kuzuia unyevu, kwa sababu gundi ya ngozi haipendi unyevu na pwani yetu unaijua. "Nayo ina kazi yake," akasema. "Tatizo uliipa ya mwenzake."

Tulipiga siku ya Idi. Nyimbo saba. Baada ya wimbo wa mwisho Bi Somoe alikuja, akaweka kiganja juu ya shingo ya gitaa, pale pale mbao zilipoungana, akaniambia nipige uzi mnene. Nikapiga. Aliacha mkono wake mpaka mtetemo ukaisha.

"Haya," akasema. "Sasa kinapiga kelele nzuri."

Nilikaa kijiji kile miaka tisa, mimi ambaye sikuwahi kumaliza mwaka mahali. Kitanda chake nilikitengeneza pia, mguu mpya na ubavu mpya, kwa gundi ya ngozi, ingawa hakuwa amenidai. Baadaye nilitembea tena, kwa kuwa kutembea nimeumbwa nako, lakini tangu hapo kila nilipoondoka niliaga, na kila nilipoharibu nilirudi kwanza.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Utachagua rafiki, utachagua mwenza, utachagua kazi na watu wa kukaa nao. Kila kimoja kinahitaji kitu cha kukuunganisha nacho. Usiangalie tu namna kinavyoshika siku ya kwanza, wala usiwaite watu wavute wakupigie makofi. Jiulize kitapata mtikisiko gani kila siku, kisha ukijaribu kwa mtikisiko huo huo, mapema, kabla hujakipandisha jukwaani. Kinachotaka siku sita, kipe siku sita. Na siku kitakapokatika mbele ya watu, maana kuna siku kitakatika, cheka nao, pangusa paji la uso, halafu nenda kwa mwenye ubao. Usiende kwenye lori.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio ya kumsikia anayekuuliza kama umegonga. Akukutanishe na watu wanaoacha mlango wazi. Na nyumba utakayoijenga itetemeke kwa muziki tu, isiachiane. Amina.