Jina Ndani ya Swichi

Usiku ule nililala na barua mbili pembeni ya kitanda. Moja ya kuacha kazi, nyingine ya kuongeza mkataba kiwandani, na zote sijazisaini. Asubuhi ilikuwa lazima nipeleke moja. Miaka minne nilikuwa nimeajiriwa pale kama fundi umeme, sikosi mshahara, lakini roho yangu ilikuwa kwenye kazi zangu za zamani, kufunga umeme majumbani kwa watu, mwenyewe, bila bosi. Hofu yangu ilikuwa moja tu: nani bado ananikumbuka?

Basi akaja Fundi Kibwana, mzee aliyenifundisha umeme. Najua amekufa, mazikoni kwake nilikuwepo, lakini huyo anaingia na penseli yake sikioni kama siku zote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nioneshe kazini kwako."

Chumba kinakuwa kiwanda, mchana kweupe. Fundi anafungua kifuniko cha swichi, anachungulia ndani. Anafungua nyingine, na nyingine. Nikashtuka, maana umeme hajauzima.

"Fundi, utapigwa shoti!"

"Mimi tena? Shoti itanifanya nini sasa?" Akacheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Halafu aibu ikanishika, kwa sababu nilijua anatafuta nini. Alitufundisha kwamba kabla ya kufunga swichi, fundi aandike jina lake kwa penseli ndani ya boksi, ili atakayeifungua kesho ajue wa kumsifu au wa kumtukana. Kiwandani sikuwahi kuandika. Pale nilikuwa na namba tu, imeshonwa kifuani.

"Humu sikuoni," akasema.

Tunatoka mlangoni, mara tuko jikoni kwa Mama Chausiku, nyumba ya kwanza niliyoifungia umeme peke yangu. Anakaanga maandazi. Fundi anafungua swichi, na jina langu hilo hapo, Zaituni, herufi zimepinda za msichana mwenye haraka. Tunaingia saluni ya jirani: Zaituni. Kwa fundi cherehani: Zaituni. Kila akifungua, taa inawaka na mwenye nyumba anatoa kichwa.

"We Zaituni, ulipotelea wapi? Feni langu siku hizi linazunguka likijisikia!"

Jamani, nilifurahi! Nilipiga vigelegele katikati ya saluni ya watu.

Fundi akachomoa penseli sikioni, akanitia mkononi.

"Wanakungoja, mwanangu. Nenda kaandike."

Nikaamka nacheka, kumekucha. Rajabu, mume wangu, amekaa kitandani ananishangaa. Nikapapasa kwenye droo, nikapata kipande cha penseli, nikaivuta barua ya kuacha kazi.

"Mke wangu, barua ya ofisini haisainiwi kwa penseli."

"Hii inasainiwa," nikamwambia, nikaandika jina langu, herufi zimepinda vilevile.