Kuhesabu Watu Melini

Nilikuwa nimemaliza fomu ya pili, likizo imeanza, na nilikuwa msichana asiyesikika hata kanisani. Jirani yetu pale Migori alikuwa metroni wa chuo cha walimu. Mwaka ule aliwapeleka wanafunzi wake Mwanza na Bukoba kwa meli, wakaone shule za huko na walijue ziwa. Akahitaji msaidizi. Mama akanisukuma mbele.

"Utasaidia mambo ya chakula, na kila tukipanda meli uhakikishe watu wametimia," metroni aliniambia. "Ukiniachia mtoto wa mtu nyuma, na wewe utashuka hapo hapo urudi kwenu."

Niliitaka safari ile mpaka nikakosa usingizi. Taabu ni kwamba kwetu watu hawahesabiwi. Dani, yaani nyanya yangu, aliuliza kama wote wamekula, hakuuliza ni wangapi. Ukiwanyooshea watu kidole, moja, mbili, tatu, umewaita wapungue. Sijui kama niliamini kweli. Ila kidole kilikataa.

Kwa hiyo gatini Homa Bay nikatumia akili yangu. Tulikuwa na kreti ya vikombe vya bati, kimoja kwa kila mwanafunzi. Nikasimama penye ngazi, kila anayepanda nampa chake. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yao. Nyuso nilizionea haya. Kreti ilipobaki tupu nikamwambia metroni wametimia. Honi ikalia, ngazi ikavutwa.

Ndipo nikamwona mwanafunzi mmoja mrefu amekalia sanduku lake, kikombe mkono huu, kikombe mkono ule.

"Kaka, mbona viwili?"

"Kimoja cha mwenzangu. Ameenda sokoni kununua sabuni. Nilinyoosha mkono mara ya pili, ukanipa tu." Akacheka. "Usinitazame hivyo, mimi nina mdomo mmoja."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua mpaka saa ya chai, tukiwa mbali. Nilisimama hapo kidogo nikiliwaza hilo, sitaficha. Kisha nikaenda kwa metroni.

"Mama, mmoja amebaki."

"Si ulihesabu?"

"Nilihesabu vikombe."

Alinitazama. Naye alikuwa mtu wa kwetu. Nadhani alielewa kabla sijaeleza. Akapanda juu kwa nahodha. Kamba moja ilikuwa bado imefungwa, na ngazi ikashushwa tena, mabaharia wakinung'unika. Mwenye sabuni akaja polepole akila ndizi, akatusalimia kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Nikachukua kifurushi changu, nikaenda kwenye ngazi.

"Unaenda wapi?" metroni akauliza.

"Ulisema nishuke."

"Nilisema ukimwacha. Si yule anakula ndizi?" Akachomoa penseli nyweleni, akaandika kitu kwenye daftari lake la majina ya wanafunzi, akanipa. "Kuita jina si kuhesabu. Waite, nikusikie kutoka huku."

Jina la kwanza lilitoka kama mbu.

"Dada, unasali ama unatuita?" mmoja akauliza, wakacheka. Nikarudia. Kufika katikati hata baharia mwenye kamba alikuwa akigeuka kuona nani anaitika.

Chini kabisa, kwa penseli, lilikuwepo jina langu. Nikaliita. Wote wakawa wananitazama, ikabidi nijibu.

"Niko."

Ngazi ikavutwa.