Nilimpaka Mama Kombe Pale Nilipokatazwa

Aliyekosa ni mimi, jamani, si yule muuguzi. Wallahi nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Mamangu alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya kupasuliwa tumbo. Alipumua kwa mashine, na shingoni alitiwa mpira mwembamba wa dawa ulioingia kwenye mshipa mkubwa. Muuguzi alinionyesha plasta iliyoufunika, akasema, "Dada, hapa usipaguse kabisa. Uchafu ukiingia hapa, umeingia kwenye damu."

Nikaitikia. Laiti ningesikia!

Kwetu Mtongwe mgonjwa huandikiwa kombe: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, akanywa. Maalim aliniandikia, lakini akanionya: "Kombe hunywewa, mwanangu. Ngoja aamke, inshallah."

Mimi na haraka zangu! Mama alikuwa ameanza kufumbua macho, na daktari alitwambia mashine itatolewa karibuni. Nikajiambia, dawa zote zapitia shingoni, basi na kombe lianzie hapo. Nikaficha kichupa cha kombe ndani ya buibui. Muuguzi alipogeuka, nikabandua ukingo wa plasta nikampaka kwa kidole. Kidole hichohicho kilichotoka kushika vyuma vya feri niliyovukia kuja hospitali!

Homa ikampanda Mama, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Daktari akauliza, "Kuna mtu aliyegusa huu mpira?"

Kakangu akamrukia muuguzi: "Ni nyinyi! Mikono hamuoshi, mwataka kumuua mamangu!"

Yule muuguzi akanitazama. Nikainamisha kichwa. "Mimi sijui," nikasema.

Mama hakuamka tena. Matangani watu walinisifu, eti ndiye mtoto aliyemshika mamake mpaka mwisho. Kila sifa ilinichoma. Sasa wote wamerudi makwao. Kaka yuko Kisauni, lakini siendi, maana siwezi kumtazama usoni. Nyumba nzima niko peke yangu. Natamani hata zile kelele za Mama nikiunguza wali. Nani atanigombeza sasa?

Wenzangu, dua ombeni, kombe andikeni. Lakini mukiambiwa musiguse, musiguse! Na ukishagusa, sema papo hapo, hata kama utatukanwa mbele za watu.

Daktari alipouliza, Mama alikuwa bado yu hai.