Nilivyopata kazi ya kuuza magodoro bila experience, na nyanya yangu akawa ndiye demo

Wakuu, nawasalimu nyote, wa mjini na wa vilimani.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za vijana wanaolia kwamba kila kazi inataka experience. Leo natoa ya kwangu. Ni ya kweli tupu, na kama humu kuna mtu aliyekuwa soko la Ikonge siku ile, aje anisute nikiongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa Manga, kaunti ya Nyamira. Nilimaliza diploma nikazunguka na CV mpaka bahasha ikachanika pembe. Kila interview swali ni lile lile, umewahi kuuza? Sasa utauza vipi kama hakuna anayekupa cha kuuza?

Nyumbani baba alikuwa amechoka kuniangalia. Kwake kazi ni moja tu, majani chai. Unaamka, unavaa kikapu mgongoni, unaingia shambani. Mengine ni porojo za watu wa mjini.

Siku moja nikaingia duka moja la magodoro Kisii mjini. Mwenye duka ni mama Mwislamu, kila mtu humwita Mama Zuhura. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Umewahi kuuza nini?"

"Mama, sijawahi kuuza hata mkungu wa ndizi. Ndizi zetu huuzwa na mama yangu."

Akacheka mpaka akashika meza. Akasema wote walionitangulia walikuwa na experience ya ajabu, na hakuna aliyedumu. Kisha akakaza uso.

"Sasa ni msimu wa bonus ya chai, wakulima wamelipwa, watu wananunua. Nitakupa pikapu na dereva, uende Ikonge siku ya soko. Nakupa soko mbili. Magodoro yakirudi yote, na wewe rudi kwenu."

Nilitoka pale nikiwa nimenyanyua mabega utadhani nimepewa duka lenyewe.

Sabato iliyofuata mama akasimama kanisani akatoa shukrani kwamba mwanawe amepata kazi. Kazi yenyewe bado sijapata! Lakini mama ni mama. Baba aliinama tu, akachezea kofia yake.

Basi nikakesha na simu nikitazama video za mtandaoni za kufundisha sales. Zote zinasema kitu kimoja, mwache customer aiguse bidhaa mwenyewe. Nikasema hapo hapo, nitafanya demo.

Siku ya soko ikafika. Mimi na Onchiri, dereva wa Mama Zuhura, tukaegesha pikapu kando ya wauza mboga. Nikatandika karatasi ya nailoni, nikaweka godoro moja nene juu yake, nikashika kipaza sauti. Watu wakajaa. Wakuu, nilijiona nimeshafika.

Mbele kabisa alisimama mzee mmoja wa makamo, kofia kichwani, gumboots miguuni, mkongojo mkononi. Nikamwelekezea mkono kwa heshima zote.

"Tata, karibu ulale hapa, watu waone!"

Akina mama waliokuwa karibu wakageuza nyuso.

Kwa wasio Wakisii, ngojeni nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, na habari za kitanda hazitajwi kati yao hata kwa mzaha. Na baba si yule aliyekuzaa peke yake. Mzee yeyote wa rika la baba yako ni baba yako, na mke wa mwanawe ni binti yake.

Mimi nilikuwa nimemwita Tata, yaani baba, kisha nikamwambia alale kwenye godoro mbele ya umati. Na kumbe mke wa mwanawe alikuwa pale pale, ananunua mboga za chinsaga! Yule mama alijifunika uso kwa leso akaondoka bila mboga wala chenji.

Najua mtauliza, wewe Mkisii wa Manga hukujua? Nilijua tangu nikinyonya. Lakini hofu ya kukosa kazi ilinifuta akili, nikawa naongea kama video.

Mzee akanisogelea. Akaniuliza polepole swali ambalo kwetu hakuna anayependa kuulizwa na mtu aliyekasirika.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba. Akageuka akaenda zake, na umati ukamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyenunua hata mto. Tulipokuwa tunapakia, Onchiri akaniambia, "Ndugu yangu, leo umeuza aibu peke yake, na umeimaliza yote."

Nilifika nyumbani habari ikiwa imeshanitangulia kwa boda. Baba alikuwa amekaa nje. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniuma.

"Jina langu limetajwa sokoni," akasema. "Hiyo soko moja iliyobaki mwachie mwenye magodoro. Kesho chukua kikapu."

Niliumia, wakuu. Nilikuwa naona kazi inaondoka na jina la baba nimelipaka matope, yote kwa siku moja.

Nikaenda kwa nyanya yangu, mama mzazi wa baba, nyumba yake iko boma hilo hilo. Nikamweleza kila kitu. Nilidhani atanipiga na kijiko cha ugali. Badala yake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo nyanya zetu hutuita wajukuu wa kiume, "sasa wewe unaenda kulaza wazee wa watu, na mke wako niko hapa hujaniita?"

Hapo ndipo akili ilipowaka. Wakuu, kati ya nyanya na mjukuu hakuna chinsoni! Kati yetu na wao ni utani mtupu, wa kitanda, wa ndoa, wa chochote. Kile ambacho baba hawezi kusikia, nyanya atakisema kwa sauti na watu wacheke. Nilikuwa na mwalimu wa sales kwetu nyumbani na mimi nahangaika na simu.

Asubuhi yake nyanya akamwambia baba, "Mimi na huyu kijana tutaenda soko la Ikonge." Baba akakichukua kile kikapu akakirudisha ukutani. Mama yako akishasema, utasema nini?

Siku ya soko alikaa kiti cha mbele cha pikapu na kitambaa chake cha kanisani. Tulipofika alivua viatu, akapanda juu ya godoro, akajinyoosha. Nikampa kipaza sauti.

"Mimi nilitolewa kwetu nikiwa msichana, nikalala kwenye ngozi!" akasema kwa Ekegusii, lugha yetu. "Leo mume wangu huyu amenioa upya. Nyinyi vikongwe mnaoniangalia, nyinyi waume zenu wamewaletea nini?"

Soko lilipasuka kwa kicheko. Nyanya wengine wakaja na mikongojo yao wakajaribu, wakisukumana kama wasichana. Mmoja alikataa kuinuka. Akina mama wakasimama mbali wakijifanya wanachagua nyanya za kupika, kisha mmoja mmoja wakapita upande wa pili wa pikapu kuniuliza bei kwa sauti ya chini.

Mimi safari hii nilikuwa nimejipanga. Kila godoro lililonunuliwa nililikunja, nikalifunga kwa gunia mpaka halijulikani ni nini, boda akapeleka. Vijana waliooa wakaongea na Onchiri, kwa kuwa ni wa rika lao.

Halafu nikamwona yule mzee wa gumboots anakuja.

Nyanya naye alimwona. Yule ni kama mwanawe. Alishuka kwenye godoro haraka kuliko nilivyomwona akishuka popote, akatengeneza leso, akakaa chini akitazama kando. Mzee akanisalimu. Nikamwomba msamaha, macho yangu yakiwa ardhini. Akauliza mvua ya Manga. Akauliza chai inaendaje. Kisha akaelekeza mkongojo kwenye pikapu bila kuangalia.

"Ule mzigo wa kijani. Ufike kwangu."

"Sawa Tata. Mzigo utafika."

Neno godoro halikutajwa kabisa. Pikapu ilirudi Kisii tupu, na nyanya akaimba nyimbo za kanisa njia nzima.

Mama Zuhura alizunguka ile pikapu mara mbili, akachungulia hata chini. Akaniambia kesho nifike mapema, nipewe barua ya kazi. Siku hizi Ikonge, Magwagwa na Manga yote ni yangu, na ninajivunia sana, sifichi.

Majuma kadhaa baba aliendelea tu kuchuma majani chai yake. Jioni moja tunakunywa chai akasema, akiangalia kikombe chake, "Nimekutana na mtu wa Ikonge, wa rika langu. Ameniuliza kama wewe ni mtoto wangu."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Nikamwambia ndiyo. Anasema mgongo hauumi tena." Akanywa chai. "Nikamwambia ndiyo, huyo ni wangu."

Wakuu, mimi nimejifunza hivi. Experience hunayo, sawa, lakini watu wako unawajua. Kabla ya kuuza kitu, jiulize kwanza nani anaruhusiwa kukitaja mbele ya nani.

Sasa semeni nanyi. Kazi yenu ya kwanza ya kuuza mliipataje, na aibu yenu ilikuwa ipi? Wakisii wenzangu, najua mna yenu, msijifiche. Wa kuuliza bei ya mzigo, mtume nyanya zenu.