Siku Kanisa Zima Liliposikia Bao la Goti

Nianze na upumbavu wangu kabla mtu mwingine hajausimulia vibaya. Jumapili moja ya mwaka ule wa korona, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilitoka nyumbani kwa dirisha la bafuni, ilhali mlango ulikuwa wazi na nyumba haina mtu. Mama alikuwa kazini, kaka yangu Eliya alikuwa ameshaondoka na timu, na mimi nikaona kutoroka kwa mlango hakuna ladha. Nikakwaruza paja, nikaangusha shampuu ya mama, kisha nikatembea mpaka stesheni ya treni ya Macquarie Fields, hapa Sydney, na simu mfukoni. Ndani ya simu hiyo ibada ya kanisa letu ilikuwa inaendelea, na mimi nilikuwa nahesabiwa kwamba nipo.

Najua mtacheka nikisema enzi zetu, maana niko darasa la kumi na moja na ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke. Lakini sisi tuliokuwa darasa la saba mwaka ule tulizeeka haraka. Tulisomea jikoni. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaganda kwenye skrini mdomo wazi, nasi tunampiga picha, halafu tunamwambia mtandao ni mbaya huku tunakula mkate na siagi. Mama aliporudi siku moja na karatasi za chooni, alizinyanyua mlangoni kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Unga wa ugali ukionekana dukani Blacktown, kina mama walipigiana simu kwa sauti ya chini, utadhani wanauza magendo. Mimi na Eliya tulicheza mpira wa soksi kwenye korido mpaka jirani akaanza kututambua kwa vishindo. Mikono yetu yote ilinuka kile kitakasa mikono, hata chapati zilikuwa na ladha ya hospitali.

Na kanisa. Ukumbi wa shule tuliokuwa tunaukodi ulifungwa, basi tukahamia kwenye simu, kila familia na kidirisha chake. Kuimba ndiyo ilikuwa vurugu. Familia moja imefika ubeti wa tatu, nyingine bado wako kwenye kiitikio, na Bibi Tereza, mwanamke mzee kuliko wote pale kwetu, alikuwa anaimba wimbo mwingine kabisa na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Aliyetuweka pamoja ni Eliya. Kaka yangu ndiye mpiga kinanda wa kanisa. Akikosekana yeye, ile si ibada, ni soko.

Shida ni kwamba Eliya alikuwa pia winga wa kulia wa timu yetu. Timu yenyewe ilikuwa ya Warundi, Wakongo, Watanzania wawili na Mfiji mmoja aliyekuwa ameshajifunza kutukana kwa Kirundi. Ligi zetu hizi za mtaani, ambazo hata gazeti la bure haliziandiki, zilirudi majira ya baridi yale, na mechi za kombe zikapangwa Jumapili asubuhi. Eliya akaenda kwa mama kuomba. Mama akaongea na Mchungaji, na masharti yakatoka mawili, mbele yangu, pale kwenye meza ya jikoni.

"Siku mtakayotolewa kwenye kombe, unarudi kwenye kinanda na viatu unampa mtu," mama alisema. "La pili ni huyu mdogo wako. Nuhu hatoki kwenye ibada. Akitoka huyu kukufuata, na wewe umetoka kwenye mpira."

Eliya aliniangalia kama mtu anayeangalia breki za gari bovu.

Sasa muelewe na hili. Kabla ya korona timu yetu haikuwahi kusafiri bila kina mama. Walikuja na sufuria za pilau zimefungwa kwa vitenge, ngoma mbili, na vigelegele vilivyowafanya makipa wa wenyeji wageuke nyuma. Korona ikaja na orodha. Viwanja vingi viliruhusu wachezaji na watu wachache walioandikwa majina, basi. Timu ikawa inasafiri peke yake kama yatima. Mechi tatu Eliya alirudi nyumbani akisema tatizo si wapinzani, tatizo ni ukimya. Na ile raundi ya nne ilikuwa kwenye fukwe za kaskazini, kwa matajiri, dhidi ya timu ambayo haikuwahi kufungwa nyumbani kwake. Nikajiambia lazima awepo hata mtu mmoja wa kwetu. Kwa bahati mbaya ya kaka yangu, mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikaa kwenye treni juu ya kile kibandiko cha kijani kilichokuonyesha pa kukaa, barakoa usoni, kamera ya simu imezimwa, Mchungaji akihubiri sikioni. Nikashuka mjini, nikapanda basi, nikafika. Langoni sikuhangaika hata kuuliza. Nyuma ya goli la kusini kulikuwa na kilima chenye njia ya watu kutembeza mbwa, na njia ya mbwa haina orodha. Pale juu nilimkuta mzee mmoja Mzungu na mbwa wake mnene, amevaa skafu ya wenyeji. Naye alikuwa amekosa nafasi kwenye orodha ya timu yake mwenyewe. Tukaachiana mita moja na nusu, tukatazamana kama mabondia.

"Mmetoka wapi?" akaniuliza.

"Macquarie Fields."

"Mbali sana kuja kufungwa."

"Familia yangu ilitoka kambi ya wakimbizi Kigoma mpaka hapa, mzee. Hii safari ni kama kwenda chooni."

Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaangalia huku na huku kama mtu aliyeiba, maana mwaka ule kukohoa hadharani kulikuwa kosa.

Mechi ilikuwa imeanza kitambo na tulikuwa tumefungwa moja wakati Mchungaji alipoliita jina langu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba zamu ya kusoma Zaburi ilikuwa yangu. Nikafungua maiki, nikasoma, na upepo wa bahari unanipiga kifuani.

"Asante, mwanangu," Mchungaji akasema. "Huo upepo ni nini?"

"Ni feni, Mchungaji."

Mwezi wa saba, Sydney, nyumba zote zimewasha hita, mimi nimewasha feni. Akaendelea na mahubiri. Mimi nikatoa vitu vya masikioni ili nisikie uwanja, nikaviacha vining'inie shingoni. Maiki sikuifunga. Ilikuwa inaning'inia pale chini ya kidevu, imekaa vizuri kuliko ya redio yoyote.

Na hapa nieleze ugonjwa wangu. Mjomba wetu wa Kigoma alikuwa anatutumia rekodi za watangazaji wa redio, na mimi Kiswahili changu nimekipata kwa watu wa aina tatu tu: mama, Mchungaji na watangazaji hao. Siwezi kuangalia mpira bila kuutangaza. Nikiangalia kuku wawili wanagombea punje, natangaza. Nikaanza.

"Eliya anaambaa na wingi ya kulia, anamwacha beki wa kwanza, wa pili anamwangalia kama bili ya umeme, krosi hiyo, Mfiji yuko hewani, bado yuko hewani, anaupiga kwa kichwa kile kisichojua shampuu, na nyavu zinatikisika. Moja kwa moja, wasikilizaji, moja kwa moja."

"Unaongea na nani?" mzee wa mbwa akauliza.

"Na taifa," nikamjibu.

Sikujua ninasema kweli. Baadaye niliambiwa kwamba Mchungaji alisimama katikati ya sentensi. Watu walipiga kelele kwenye vidirisha vyao, zima maiki, wewe mtoto, zima maiki, nami masikio yako kwenye upepo. Mchungaji ndiye aliyekuwa na kile kitufe cha kumnyamazisha mtu, na kidole kilikuwa kimeshafika. Bibi Tereza ndiye aliyemzuia. Kipa wetu, Fabrisi, ni mjukuu wake, na yule bibi hakuwa amemwona akicheza tangu korona ianze.

"Mchungaji, ukibonyeza hicho kitufe nakuja kwako sasa hivi," alimwambia, "na nitakukumbatia."

Mwaka ule hicho kilikuwa kitisho kikubwa kuliko panga. Kidole kikarudi.

Basi kanisa zima, kuanzia Blacktown hadi Bankstown, likakaa kimya kusikiliza dakika za lala salama. Mwamuzi akawapa wenyeji penalti. Mzee wa mbwa akavua kofia, akaniambia pole mapema. Niliona Eliya kaweka mikono kiunoni, kichwa chini, na nilijua anasikia kinanda kinaita. Nami sikuacha kutangaza.

"Fabrisi yuko langoni. Anatemea mate glovu, jambo ambalo serikali imelikataza. Mpigaji anarudi nyuma hatua nne, anakuja, anapiga, kulia kwake, Fabrisi anaupangua, anaurukia tena, anaukumbatia kama mtoto wa kwanza. Hajamaliza. Anautupa mbali, Eliya yuko peke yake, ndugu zangu, yuko peke yake, mabeki wote walikwenda kushangilia ambacho hakijatokea. Anapiga. Mwamba. Unarudi, unamgonga goti, mwenyewe kaanguka, mpira unatambaa, unatambaa kama mzee anayekwenda benki, na umo. Umo ndani. Bao la goti. Kaka yangu kafunga kwa goti."

Wachezaji walitakiwa washangilie kwa viwiko tu. Walirundikana juu ya Eliya mpaka akapotea. Mzee wa mbwa akaniambia hilo ndilo bao baya zaidi aliloliona maishani, akaninyooshea kiwiko, tukagonganisha. Ndipo nikakumbuka ibada. Nikavirudisha vile vitu masikioni ili nisikie imefikia wapi, nikakuta vigelegele. Nikadhani labda mtu ameokoka.

"Nuhu, mwanangu," Mchungaji akasema taratibu. "Feni imezimwa?"

"Mchungaji, mimi nilikuwa..."

"Mpira umekwisha?"

"Bado dakika mbili."

"Basi tangaza. Tunakaa hapa tunasubiri nini? Na hilo goti tumelilea sisi, lilianza kupigwa sakafuni kwetu."

Nilikuwa nafungua mdomo niendelee wakati sauti nyingine iliingia, ya chini, kutoka kwenye chumba cha chai cha nyumba ya wazee anakofanya kazi mama.

"Nuhu."

Mama alifunga maiki yake. Kushinda tulikuwa tunashinda, na kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemtoa kaka yangu kwenye mpira mbele ya kanisa zima. Nikazitangaza zile dakika mbili kwa sauti ya mtu anayesoma wosia wake, na filimbi ilipolia, tumeshinda mbili moja, kwa mara ya kwanza mtu kuwafunga wale kwao, nililia na sikujua nalilia nini hasa.

Nilirudi na gari la timu, madirisha yote wazi kwa ajili ya virusi, baridi inatukata masikio, wenzetu wanaimba na kupiga paa kama ngoma. Eliya alikaa mbele. Aligeuka mara moja tu.

"Nimefunga bao, na wewe umenifunga mimi," akasema.

Siku hizi mambo yamekuwa laini. Wadogo zetu wa darasa la saba wanaingia uwanjani kwa mlango, wanapewa kiti, wanaletwa na gari lenye joto, halafu bao likifungwa wanainua kichwa kutoka kwenye simu na kuuliza nani kafunga. Ukimwambia mmoja wao atangaze mpira kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza kwamba ataona aibu. Kina mama wamerudi na sufuria zao, ngoma zimerudi, tumeshazoea, na kuna siku wengine hawaji kwa sababu kuna mvua. Mwaka ule tungeweza kulala kwenye mvua. Kila nikisikia vigelegele vya uwanjani sasa, vizuri tu, bado naona vile vya kwenye simu vilikuwa na kitu zaidi, vimekatikakatika kwa mtandao mbovu, vikifika sekunde tatu baada ya furaha yenyewe.

Jioni ile mama alirudi kama kawaida ya mwaka ule. Akavulia sare ya kazi mlangoni, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kuoga moja kwa moja bila kutugusa. Mimi na Eliya tulikaa kwenye meza ya jikoni, viatu vyake vya mpira vimewekwa katikati yetu, amevisafisha tayari kwa kumpa mtu. Tulisikia maji yanakwisha. Tulisikia anaokota chupa ya shampuu. Akatoka na kitenge kichwani, akaviangalia viatu, akamwangalia Eliya muda mrefu, goti lake limevimba, akamsukumia viatu vyake. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi Tereza amenipigia mara mbili. Anataka Jumapili ijayo uanze na majina ya wachezaji wote, maana leo Fabrisi umemtaja mwishoni. Mimi nataka moja tu. Ukifika kwa Eliya, usiseme kaka yangu. Sema Eliya wa Yosefu. Baba yenu alicheza mpira kambini miaka yote ile mpaka anakufa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemtangaza. Sasa lete hiyo simu. Utaichukua Jumapili asubuhi."